Uwanja Wetu Uko Kwenye Fungu Gani?

Mwaka jana wakati wa BTP nilipangiwa shule moja ya sekondari ya kata wilayani Kilosa, upande wa Mikumi, ambako pia ndiko nyumbani kwetu. Nilifurahi kwa sababu mbili: sitalipa kodi ya chumba, na nitakula ugali wa mama. Wiki ya tatu, Jumatatu asubuhi, nikawa naita mahudhurio Kidato cha Kwanza. Jina moja halikujibiwa. Nikaliita tena. Darasa likanyamaza, kisha msichana aliyekaa mbele akasema, "Madam, huyo yuko hospitali. Kagongwa na boda jana jioni."

Alikuwa anacheza mpira. Hakuwa uwanjani, alikuwa pembeni ya barabara kuu, goli moja mawe mawili, goli la pili ndoo iliyopasuka. Mpira ulipotoka akaufuata. Mguu umevunjika sehemu mbili. Namshukuru Mungu ilikuwa pikipiki na si lori, maana barabara yenyewe ni ile ya Dar kwenda Zambia, na malori yanapita usiku na mchana.

Pale ofisini kwa walimu kila mtu alikuwa na swali lake. Mmoja akauliza mzazi alikuwa wapi. Mwingine akauliza yule dereva wa boda alikuwa anawahi nini. Mimi nilikuwa na swali ambalo sikulisema kwa sauti: ule uwanja tuliokuwa tunacheza sisi uko wapi?

Kwa sababu ulikuwepo. Nimecheza rede na netiboli pale, nimetazama ligi ya mbuzi pale, nimeanguka na kovu ninalo gotini. Leo nusu yake ni maegesho ya malori, kona moja kuna magunia ya mkaa, kona nyingine kuna misingi ya nyumba mbili. Hakuna aliyekuja kuuiba usiku. Umekwenda polepole, hatua kwa hatua, na sisi wote tukipita pembeni tunasalimiana.

Nikaanza kufuatilia, na aibu yangu ya kwanza ikawa hii: mimi, mtarajiwa wa shahada ya elimu, ninayeweza kukueleza nadharia ya Piaget usingizini, sikujua bajeti ya halmashauri inatengenezwaje. Nilijua Bajeti Kuu ile ya Juni, Waziri akisoma na sisi tukisubiri kusikia soda na bia zimepanda au la. Ya wilayani kwangu sikuijua kabisa. Makala hii ni yale niliyojifunza. Nimeiandika kwa ajili yako wewe uliyetoka Kilosa, Namtumbo, Urambo au Mkinga, ambaye mtaani kwenu kuna uwanja unaoliwa sasa hivi wakati unasoma.

Hifadhi tunayo, kiwanja hatuna

Watu wakisikia natoka Mikumi swali la kwanza ni, "Simba mnawaona?" Tunawaona, mara mojamoja. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu inaikata katikati kwa takribani kilomita 50, na ukiingia tu unakutana na vibao: punguza mwendo, wanyama wanavuka. Kuna matuta. Kuna kibao kinachoorodhesha faini kwa kila mnyama utakayemgonga, twiga bei yake, nyati bei yake, ngiri bei yake.

Sina ugomvi na twiga. Nampenda, na anatuletea wageni. Ninachosema ni kwamba mambo yale yote pale barabarani hayakuota kama uyoga. Kuna mtu aliweka mpaka wa hifadhi kwenye ramani, kuna chombo kinachoisimamia, na kuna fungu la fedha linaloilinda. Eneo likiwa na mpaka, msimamizi na fungu, linabaki. Uwanja wetu haukuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Ulikuwa na kumbukumbu zetu tu, na kumbukumbu hazizuii lori kuegesha.

Hela za halmashauri zinatoka wapi

Kilosa ni halmashauri ya wilaya. Kwa lugha rahisi, mfuko wake una mikono miwili.

Mkono wa kwanza ni fedha kutoka Serikali Kuu: mishahara ya walimu na wauguzi, ruzuku za miradi, fedha za elimu bila ada. Huu ndio mkono mkubwa, na fedha zake mara nyingi zinakuja zimeshaandikwa jina. Ya darasa ni ya darasa, ya zahanati ni ya zahanati.

Mkono wa pili ni mapato ya ndani, yaani kile halmashauri inachokusanya yenyewe chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982: ushuru wa mazao, ushuru wa huduma kwa makampuni, leseni, ada za masoko, minada ya mifugo. Kwetu Kilosa fikiria mahindi, mpunga, mkonge, miwa ya bonde la Ruhembe, ng'ombe mnadani. Mkono huu ni mwembamba, na mwaka 2017 ulizidi kukonda pale Serikali iliposhusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipumua, na alistahili kupumua, lakini halmashauri za vijijini zilibaki zinahesabu upya.

Sasa hiyo hela ya ndani nayo haiko huru yote. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yanataka asilimia 10 iende kwenye mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. (Ndiyo ile iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024.) Halafu miongozo ya bajeti inataka sehemu kubwa, kuanzia asilimia 40 kwenda juu kutegemea uwezo wa halmashauri, iende kwenye miradi ya maendeleo. Kinachobaki kinaendesha ofisi: mafuta ya gari, posho za vikao, karatasi.

Kwa hiyo jiweke kwenye kiti cha afisa mipango. Una fungu dogo la maendeleo. Mlangoni pamejaa: kijiji hiki zahanati haina paa, kile watoto wanakaa chini, kingine daraja limechukuliwa na maji. Na Kilosa maji si hadithi. Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, watu wakahama nyumba zao wakaishi kwenye mahema, reli ya kati ikakatika. Katika hali hiyo, mtu akija na ombi la "uwanja wa michezo na bustani ya kupumzikia," atachekwa. Hata mimi ningecheka.

Hapa ndipo nilipogundua kwamba tulikuwa tunaomba kitu kwa jina lisilo lake.

Uwanja ni usalama

Tunapenda kuweka "michezo na burudani" kwenye kapu moja na soda na keki, vitu vya sikukuu. Usalama tunauweka kwenye kapu la polisi. Lakini hebu tazama jioni ya kawaida pale kijijini. Watoto hawana pa kuchezea, wanacheza barabarani. Vijana hawana pa kukaa, wanakaa kijiweni nyuma ya maduka, gizani. Wasichana wanaotoka masomo ya jioni wanapita hapohapo gizani, wakikimbia. Nilikuwa mmoja wao, na ukiniuliza nilikuwa naogopa nini sitakutajia jina la mtu. Nilikuwa naogopa pale mahali penyewe.

Mahali penye watu wengi wenye shughuli zao, penye mwanga, panapojulikana ni pa nani, panajilinda penyewe kwa sehemu kubwa. Nenda Forodhani, Zanzibar, baada ya magharibi. Bustani ile ilikarabatiwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009. Pana taa, pana wauza vyakula wamejipanga na meza zao, familia zimekaa, watoto wanaruka baharini. Macho yako kila upande, na yule muuza urojo halindi kwa kulipwa, analinda kwa sababu pale ndipo riziki yake ilipo.

Au chukua Karura, Nairobi. Miaka ya mwisho ya 1990 msitu ule ulikuwa unagawanywa kwa watu wenye mikono mirefu, na Wangari Maathai alipigwa Januari 1999 akiutetea. Hata baada ya kuokolewa, watu waliendelea kuuogopa kwa ujambazi. Ulipona pale wakazi na Huduma ya Misitu ya Kenya walipokubaliana kuuendesha pamoja: uzio, walinzi kutoka vitongoji vya jirani vikiwemo vya kipato cha chini, njia za kutembea, kiingilio kidogo. Leo watu wanakimbia mle asubuhi na watoto.

Na kama unataka namba, ziko Marekani, mjini Philadelphia. Watafiti walichukua viwanja vitupu 541 vilivyojaa takataka. Vingine vikasafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache na kuzungushiwa uzio mfupi wa mbao; vingine vikaachwa vilivyo ili kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika vitongoji maskini zaidi, matukio ya bunduki kuzunguka viwanja vilivyotunzwa yalipungua kwa asilimia 29. Hakuna polisi aliyeongezwa. Ni nyasi, miti na kauzio.

Kilosa hatuna tatizo la bunduki mitaani. Tuna letu. Tarehe 8 Desemba 2000, kijijini Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Wazee kwetu bado wakitaja jambo lile wanashusha sauti. Chanzo cha migogoro ya namna hii mara nyingi ni palepale: ardhi ambayo mpaka wake haujulikani, kila mmoja anaamini ni yake, au anaamini haina mwenyewe. Ndiyo maana mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, ule unaosema hapa kilimo, hapa malisho, hapa makazi, hapa uwanja, ni waraka wa usalama kabla haujawa waraka wa maendeleo. Uwanja wa mpira ni kipande kidogo sana cha jambo hilo kubwa. Ila ni kipande ambacho mtoto wa Kimasai na mtoto wa Kisagara wanakutana wakiwa na miaka tisa, kabla hawajafundishwa kuogopana.

Nani anahusika na nini

Hapa wengi tunapotea, tunabisha hodi mlango ambao si wenyewe, tunarudi tumekata tamaa. Nimepanga hivi:

Polisi wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Halmashauri haiwalipi mishahara. Ulinzi wa jamii, yaani sungusungu, mgambo na vikundi vya ulinzi shirikishi, unaanzia kijijini kwenu.

Barabara kuu ni ya TANROADS. Tuta, kivuko cha watembea kwa miguu au kibao cha "watoto wanavuka" pale mbele ya shule unaomba kwao. Barabara za ndani za wilaya ni za TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Barua ya kijiji ikipita kwa diwani na mkurugenzi ina uzito kuliko kelele zako kwenye grupu la WhatsApp.

Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, lakini, na hapa naomba usome polepole, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Ni wewe. Kama kipande cha uwanja kimegawiwa, lazima kuwe na muhtasari unaoonyesha mlikaa mkakubali. Kama haupo, ugawaji huo una kasoro.

Halmashauri ya kijiji yenyewe ina wajumbe 15 hadi 25 na kamati tatu za kudumu: ya fedha, uchumi na mipango, ya huduma za jamii na shughuli za kujitegemea, na ya ulinzi na usalama. Unaona uwanja unapoangukia? Kamati ya huduma inasema huo ni mchezo tu, si darasa. Kamati ya ulinzi inasema sisi tunashughulika na wezi. Kamati ya mipango inasubiri hizo mbili zilete hoja. Uwanja unakuwa mtoto wa wote, na mtoto wa wote hulala njaa.

Kuna mlango mwingine ambao wengi hawaugongi: Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Wilaya yetu ina majimbo mawili, Kilosa na Mikumi, kwa hiyo kuna mifuko miwili. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Fedha zake si nyingi, lakini zinafaa kwa vitu vidogo ambavyo wananchi wameshavianza: nondo za goli, taa ya sola, mabati. Neno la msingi ni "wameshavianza."

Kalenda ya bajeti na likizo yetu

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Mwanzoni nilidhani basi ukitaka kitu unaomba Juni. Kumbe Juni ngoma imekwisha, watu wanakunja mikeka.

Mambo yanaanza mapema. Vijiji vinaibua vipaumbele vyao, ile wanayoita fursa na vikwazo kwa maendeleo. Vinapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ambako diwani ni mwenyekiti. Mwongozo wa bajeti ukishatoka Hazina mwishoni mwa mwaka, halmashauri inachambua, na miezi ya mwanzo ya mwaka mpya baraza la madiwani linapitisha rasimu. Inakwenda mkoani, inakwenda TAMISEMI, na Bunge linaanza kikao cha bajeti Aprili. Jambo ambalo halikuandikwa kijijini kabla ya Desemba, halina njia ya kuonekana Dodoma Aprili.

Sasa linganisha na kalenda yetu. Tukimaliza UE mwezi wa saba tunarudi nyumbani. Mwezi wa kumi na kitu tunarudi chuo. Yaani tuko nyumbani, hatuna kazi, tunalala hadi saa nne, katika kipindi hichohicho ambacho vijiji vinapaswa kuwa vinapanga vipaumbele. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu, kwa hiyo katika likizo ndefu moja lazima uangukie angalau mmoja. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuhudhuria? Nikiri: mpaka mwaka jana, mimi sifuri. Nilikuwa naona ni mambo ya wazee na mikongojo yao.

Na tusijidanganye kwamba hapa chuoni tuna afadhali. Kila mmoja wetu anakatwa mchango wa serikali ya wanafunzi. Bajeti yake inajadiliwa kwenye bunge letu la wanafunzi. Siku ile ukumbi ulikuwa na viti vingi kuliko watu, halafu jioni kantini kila mtu ni mchambuzi wa hela zimekwenda wapi. Tabia ya kijijini tumeibeba kwenye begi tukaja nayo.

Tulichofanya

Baada ya BTP nilibaki nyumbani kwa likizo. Nikatafuta wenzangu wawili, mmoja anasoma Sokoine, mwingine ni fundi pikipiki ambaye ndiye aliyekuwa golikipa wetu enzi hizo. Tukaenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba kuona mihtasari. Tulikuwa tumejiandaa kutaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Hatukuhitaji hata kuitaja. Alitushangaa tu, akasema, "Sijawahi kuombwa hivi vitu na vijana," akatoa daftari lenye vumbi.

Tulikuta muhtasari wa zamani unaotenga eneo la uwanja, na makadirio ya hatua kwa miguu na mwembe kama mpaka. Mwembe ulishakatwa. Hatukukuta muhtasari wowote unaomgawia mtu yeyote sehemu ya uwanja ule.

Tukaenda kwa mzee mwenyekiti jioni. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu, karibuni, kaeni." Tukaeleza. Akasikiliza kimya muda mrefu, kisha akasema, "Binti, wale wenye misingi pale ni watu tunaozikana nao. Mnataka nifanye nini, nilete tingatinga?"

Hilo swali lilinifundisha kuliko sheria zote nilizosoma. Tukakubaliana hatuendi mkutanoni kumshtaki mtu. Tunakwenda na maombi manne, yote madogo. Moja, nusu iliyobaki ipimwe na kuwekewa vigingi, ili isiliwe zaidi. Mbili, kijiji kipande miti kuzunguka mpaka kwa kazi ya kujitolea, kwa sababu mti ni kigingi ambacho hakuna anayeng'oa bila kuonekana. Tatu, ombi la kivuko na kibao cha barabarani liandikwe rasmi kwenda juu. Nne, taa moja ya sola iingizwe kwenye vipaumbele vya kata na kwenye maombi ya mfuko wa jimbo. Suala la misingi miwili likabaki mikononi mwa halmashauri ya kijiji na wenyewe wazungumze.

Siku ya mkutano nilisimama miguu ikitetemeka, mimi niliyezoea kusimama mbele ya wanafunzi 80. Sikusema "bustani." Sikusema "burudani." Nilisema kuna mtoto wa kijiji hiki mguu wake una vyuma, na nikaeleza alikuwa anacheza wapi na kwa nini. Mama mmoja nyuma akasema, "Ni mwanangu huyo." Sikujua kwamba yupo.

Ombi la vigingi likapita. La miti likapita. La kivuko likaandikwa. La taa lilileta mjadala mkali, mzee mmoja akisema taa itawakesha vijana nje, na akina mama wakamjibu kwamba vijana wanakesha tayari, afadhali wawaone. Nalo likaandikwa. Kuandikwa si kupewa, hilo nalijua. Lakini sasa lipo kwenye karatasi yenye mhuri, na karatasi hiyo inaweza kufuatwa kwa diwani, kwa mkurugenzi, kwenye ubao wa matangazo, na hata kwenye taarifa za Mkaguzi Mkuu kama fedha zitatoka na taa isionekane.

Miti ilipandwa Jumamosi iliyofuata, miarobaini na mikaratusi kidogo, ingawa yule mwenzetu wa Sokoine alilalamika sana kuhusu mikaratusi na maji. Vigingi viliwekwa mwezi uliofuata. Lori moja limeshaangusha kigingi kimoja, kikarudishwa siku hiyohiyo, na fundi pikipiki ndiye aliyekirudisha. Taa bado.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukirudi likizo usianze na sheria. Anza kwa kuuliza uwanja wenu uko kwenye muhtasari upi, mpaka wake ni nini, na kamati ipi inautaja kama wake. Ukikosa jibu moja kati ya hayo matatu, una kazi ya kufanya kabla hujarudi chuo. Kama mna kikundi cha vijana, angalieni ile asilimia 4: kibanda cha chipsi au cha kunyolea pembeni ya uwanja ni biashara, na pia ni macho.

Mkutano mwingine wa kijiji ni Desemba, na ajenda ya taa imo. Mimi nitakuwa huku, katikati ya test. Nimeongea na mama, amesema atakwenda, na amesema atapita kumchukua yule mama mwingine waende pamoja. Yule kijana ametoa vyuma. Bado anachechemea kidogo, na nasikia sasa anacheza golini.